Jino Lisilolia

Hotuba hii ilitolewa Busia, Uganda, mbele ya wanachama wa kikundi cha akiba na mikopo. Imeandikwa kama ilivyosemwa, isipokuwa pale malori yaliponizidi sauti.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mama Mweka Hazina, Hajati, wazee wangu, na nyinyi vijana wa bodaboda mnaosikilizia dirishani kana kwamba hamkualikwa: hamjambo? Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Itifaki imezingatiwa.

Wiki mbili zilizopita Mwenyekiti alinipigia simu akaniletea shauri ambalo sijawahi kuletewa tangu nianze kung'oa na kuziba meno ya watu. Alisema, "Daktari, wanachama watatu wameomba mkopo wa meno. Si wa duka, si wa ada ya shule. Wa meno! Kamati imegawanyika. Njoo utuambie, hilo jino la chuma linadumu au halidumu?" Nikamwuliza kamati inaogopa nini. Akanijibu, "Mtu akikopa pikipiki akashindwa kulipa, tunaichukua pikipiki. Akikopa jino tutachukua nini?"

Mnacheka, lakini mimi sikucheka. Nilikaa na swali hilo usiku mzima, kwa sababu ndilo swali ambalo wagonjwa wangu wangepaswa kuniuliza na hawaniulizi. Wananiuliza bei. Wananiuliza kama inauma. Hakuna anayeniuliza dhamana iko wapi. Basi leo nimekuja kulijibu kwa lugha yenu ya mikopo. Dhamana ya jino hilo si chuma, maana chuma kitatuzika sote humu ndani. Dhamana ni mfupa na ufizi uliokizunguka, na dhamana hiyo inaweza kuliwa kidogo kidogo bila mwenye jino kuhisi lolote.

Nilipokuwa naingia, mzee mmoja aliyekaa pale karibu na mlango alinishika mkono, akafunua mdomo akanionyesha gego. "Daktari, hili ni la chuma. Mwaka wa 6 sasa. Halijawahi kuniuma hata siku moja." Mzee wangu, shikamoo tena. Neno lako hilo nitalirudia.

Nimekuja na kitu, nitakipitisha mkononi kwa mkono. Kimekwisha muda wake wa matumizi, kwa hiyo msiogope kukishika, ila msikitie mdomoni. Hiki ndicho kipandikizi. Mnaona ni skrubu, urefu milimita 10, unene milimita 4, imetengenezwa kwa titani. Sehemu hii yenye nyuzi inakaa ndani ya mfupa wa taya. Juu yake tunafunga shingo, na juu ya shingo tunaweka kofia yenye umbo la jino. Mtu akicheka unaona kofia. Kazi yote iko chini.

Habari hii ilianza kwa sungura. Miaka ya 1950 huko Uswidi, mtafiti aliyeitwa Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza jinsi damu inavyopita ndani ya mfupa. Aliingiza vifaa vidogo vya titani kwenye mifupa ya sungura, na alipotaka kuvitoa avitumie tena, vikakataa kutoka. Mfupa ulikuwa umevikumbatia. Mwaka 1965 alimpandikizia mtu wa kwanza, Gösta Larsson, aliyekuwa na taabu kubwa ya taya. Larsson alifariki mwaka 2006 akiwa bado anavitumia vipandikizi vyake. Piga hesabu: zaidi ya miaka 40. Kwa hiyo, Mwenyekiti, nusu ya swali la kamati nimeshaijibu. Linaweza kudumu. Ila Larsson alikuwa mgonjwa wa kwanza duniani, na bila shaka hakukosa madaktari wa kumchungulia mdomoni. Wewe wa Busia nani atakuchungulia?

Mfupa haukumbatii kitu kwa siku moja. Daktari anapotoboa taya, kekee yake humwagiwa maji baridi ya chumvi muda wote, kwa sababu mfupa ukifikia joto la nyuzi 47 kwa dakika 1 tu, seli zake zinaanza kufa, na mfupa mfu haukumbatii. Baada ya hapo tunangoja. Zamani ilikuwa miezi 3 kwa taya la chini na 6 kwa taya la juu, maana mfupa wa juu ni laini, una matundu kama mkate. Siku hizi uso wa chuma umekwaruzwa kwa ufundi, na mara nyingi wiki 6 hadi 12 zinatosha. Wapo wanaofungiwa kofia siku ileile. Kwa mdomo uliochaguliwa vizuri inawezekana, lakini akikuahidi kabla hajakupiga eksirei, mshukuru, chukua mkoba wako uondoke.

Hayo yote yalikuwa chai. Hotuba yenyewe inaanzia hapa.

Jino alilokupa Mungu halikugandishwa kwenye mfupa. Limening'inizwa. Kati ya mzizi na mfupa kuna nyuzi nyembamba mno, zimefungwa huku kwenye mzizi na huku kwenye mfupa, mfano wa kitanda cha kamba. Ndiyo maana ukitafuna, jino hubonyea kidogo likarudi: mikroni 25 hadi 100, kama unene wa unywele hivi. Na humo kwenye kamba mna mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Umewahi kuuma kijiwe kwenye wali? Ile mishipa ndiyo inayokushika taya lisimame kabla hata hujajua umeuma nini.

Kipandikizi hakina kamba. Chuma kimeshikana na mfupa moja kwa moja. Ukikisukuma kinabonyea mikroni 3 hadi 5 tu. Hakina mshipa wa fahamu. Hakijui chai ya moto wala soda ya baridi. Ni mpangaji mkimya: paa linavuja, ukuta unapasuka, yeye hasemi kitu mpaka siku nyumba inapolala chini.

Na ufizi nao. Kwenye jino la kuzaliwa, nyuzi za ufizi zimeingia ndani ya mzizi kama nyasi zilivyoshika udongo. Kwenye titani haziwezi kuingia. Zinakizunguka tu, kama mkanda ulivyozunguka kiuno. Mkanda unabana, sawa, lakini haukushonwa. Halafu damu inayofika pale ni kidogo, kwa sababu ile iliyokuwa ikipitia kwenye kamba za jino haipo tena. Sasa ukoga ukikaa shingoni mwa kipandikizi, vijidudu vina njia rahisi ya kushuka, na askari wanaokuja kupambana nao ni wachache.

Kinachofuata kina hatua mbili, nazo ni muhimu mzitofautishe, kwa sababu ya kwanza ni deni linalolipika. Kwanza ufizi peke yake huvimba. Ukiguswa, unatoa damu. Mfupa bado mzima. Hapo tukisafisha, na wewe ukasafisha nyumbani, ufizi unaweza kurudi kama ulivyokuwa. Ukiachwa, kwa baadhi ya watu uvimbe huo unashuka mpaka kwenye mfupa, na mfupa unaanza kuyeyuka pande zote kukizunguka chuma. Hiyo ni hatua ya pili, na mfupa ulioyeyuka haurudi kwa kupiga mswaki. Mwaka 2015 tafiti nyingi, nyingi zake za Ulaya, zilipowekwa pamoja, ilikadiriwa kwamba kati ya watu 100 wenye vipandikizi, 43 wako kwenye hatua ya kwanza na 22 kwenye ya pili. Ulaya, ambako mtu akisahau miadi anakumbushwa kwa barua!

Mmewahi kuona nguzo ya kibao kando ya barabara ya vumbi? Mvua inachukua udongo kuzunguka mguu wake, leo kidogo, kesho kidogo. Nguzo haichezi, kwa sababu kule chini bado imeshikwa. Watu wanaifungia mbuzi. Siku utakayoisukuma ikacheza, ujue udongo umekwisha. Ndivyo ilivyo. Watu huja kwangu wakisema, "Daktari, jino la chuma linatikisika." Mara nyingine wana bahati: ni skrubu ya kofia imelegea, tunaikaza, mtu anaenda zake kula muchomo. Lakini ikiwa ni kipandikizi chenyewe kinachotikisika ndani ya mfupa, hakuna cha kuokoa. Kinatoka.

Kwa hiyo maumivu si mjumbe wa kumtegemea hapa. Kutikisika ni mjumbe anayefika na taarifa ya msiba. Mjumbe wa kweli ni damu.

Tena damu, si rangi. Nalisema hili kwa sababu vitabu tulivyosomea vimejaa picha za fizi za waridi, na vinasema ufizi mgonjwa unakuwa mwekundu. Wekundu upi? Hebu nenda nyumbani ujitazame kwenye kioo. Wengi wetu tuna fizi za kahawia, wengine nyeusi kabisa, na ni nzima, ndivyo tulivyoumbwa. Nimeona kijana amechubuliwa fizi na mtu wa mtaani aliyemwambia weusi ule ni uchafu. Kwenye ufizi mweusi wekundu unajificha. Damu haijifichi. Ukipiga mswaki ukaona damu shingoni mwa kipandikizi leo, na kesho, na keshokutwa, usinunue dawa ya meno mpya. Njoo.

Isipokuwa wewe mvuta sigara. Kwako hata damu inadanganya, maana tumbaku inabana mishipa, na ufizi wa mvutaji hutoa damu kidogo kuliko hali yake halisi. Yaani sigara inakuongezea ugonjwa, halafu inamfunga mdomo yule ambaye angekuambia. Madereva wa malori, nawatazama nyinyi.

Sisi tunatumia kijiti hiki cha chuma chenye alama za milimita. Tunakiingiza taratibu kati ya ufizi na kipandikizi, tunapima kina. Nguvu yake ni kama gramu 25. Mama, weka vijiko vidogo 6 vya sukari kwenye kiganja, uzito huo ndio ninaokubonyezea. Tunapima pande 6, tunaandika, tunangoja kuona kama damu inatoka, kama usaha unatoka. Halafu tunalinganisha na mara ya mwisho. Kipimo kimoja kinasema machache. Vipimo viwili vilivyopishana mwaka mmoja ndivyo vinavyozungumza. Kama hatuna kumbukumbu yoyote ya zamani, wenzetu waliokutana Chicago mwaka 2017 walikubaliana hivi: damu au usaha, kina cha milimita 6 au zaidi, na mfupa ulioshuka milimita 3 au zaidi, hapo umeshaingia hatua ya pili.

Sasa niwaambie kosa langu. Mwenyekiti alisema nisije na hotuba ya kujisifu, na mimi nimemtii kupita kiasi.

Miaka ile nilikuwa kijana, nafanya kazi katika kliniki ambayo sitaitaja. Nilimfungia kofia dereva mmoja, mtu mpole, gego la chini kulia. Kofia tuliziganda kwa saruji ya meno. Unapaka saruji ndani ya kofia, unaibonyeza, saruji inayozidi inafurika pembeni, unaifuta. Niliifuta. Nilipiga eksirei, nikaitazama haraka kwa sababu kulikuwa na foleni, nikampa mkono. Alirudi baada ya miaka 4. Hakuja kwa sababu ya maumivu; alikuja kwa sababu mkewe alisema mdomo wake unanuka. Nilibonyeza ufizi kwa kidole na usaha ukatoka. Nilimpiga ganzi, nikafungua ufizi, na pale chini, upande wa ulimi, nikakuta kipande cha saruji. Kilikuwa kidogo. Chukua punje moja ya simsim, uikate nusu. Kimekaa miaka 4 kimeota ukoga kama jiwe la mtoni linavyoota mwani, na mfupa kuzunguka ulikuwa umechimbika, nyuzi 5 za skrubu ziko wazi, nazihesabu kwa macho.

Nikaenda kutafuta ile eksirei ya zamani. Kilikuwepo. Kivuli cheupe, pale pale, siku ile ile. Nilikuwa nimekitazama bila kukiona.

Nilimwambia ukweli. Tulisafisha, tukajaza mfupa, tukashona, na kazi ile sikumtoza. Kipandikizi kilikaa miaka mingine kadhaa kisha tukakitoa. Hakunigombeza. Alichoniuliza kimenikaa mpaka leo: "Ningejuaje, Daktari? Halikuniuma." Tangu siku hiyo, kofia ninayoweza kuifunga kwa skrubu siigandi kwa saruji, na pale ambapo sina njia, naifuta nikiwa na miwani ya kukuza, na eksirei naitazama nimeketi.

Mtu ataniuliza, je, si ningempa tu antibayotiki? Hapa Busia najua ilivyo. Unavuka barabara, unaingia duka la dawa, unasema "nipe za fizi", unapewa amoksilini na metronidazo kwenye karatasi, shilingi zako chache. Uvimbe unapungua siku 5, unasema nimepona. Ukoga uko pale pale chini, dawa haikuusugua. Dawa imemnyamazisha mjumbe tu.

Nirudi kwenye mfupa, kwa sababu wawili kati ya waombaji wenu watatu shida yao iko kabla ya skrubu.

Mfupa wa taya uko pale kwa ajili ya jino. Jino likitoka, mfupa unaanza kujiondokea. Ndani ya mwaka 1 tundu la jino lililong'olewa linaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake, na sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokea miezi 3 ya kwanza. Mtu anang'oa gego leo, anasema nitaweka la chuma nikiuza mahindi, mahindi yanauzwa misimu 5, anakuja na fedha mkononi na mfupa umebaki kama ukingo wa sahani. Kwa meno ya juu ya nyuma kuna jambo jingine, uwazi wa sainasi, lile pango la hewa lililo juu ya meno hayo, unashuka kutoka juu wakati mfupa unapungua kutoka chini, na katikati pamebaki milimita chache za kushikia.

Vijana wa bodaboda, meno ya mbele ndiyo yenu. Ukianguka kifudifudi hupotezi meno peke yake. Ule ukuta wa mfupa ulio mbele ya meno ya juu mara nyingi haufiki hata milimita 1, na unavunjika pamoja nayo. Hapo daktari akiweka chuma bila kujenga ukuta, baada ya mwaka ufizi unapanda na chuma kinachungulia kijivujivu kila ukicheka. Kofia ngumu ya pikipiki yenye kinga ya kidevu ni nafuu kuliko kazi yangu, na mimi mwenyewe nakuambia usiniletee fedha.

Na lipo lingine ambalo tunalisema kwa sauti ya chini. Ebiino. Mtoto mchanga ana homa, anaharisha, bibi au jirani anasema ni meno ya uongo yanayomla, wanamchimba ufizi kwa spoku ya baiskeli wanatoa kile kijidudu cheupe. Kile si kijidudu. Ni chonge la mtoto ambalo bado halijaota, na mara nyingi mbegu ya chonge la utu uzima inaharibika nalo. Nina binti mmoja, namwita binti kwa sababu nimemjua tangu akiwa shuleni, hana chonge za chini pande zote mbili. Mfupa pale haujawahi kukua vizuri, kwa sababu hakukuwa na jino la kuukuza. Alitaka vipandikizi akiwa na miaka 15. Nilikataa. Taya lilikuwa bado linakua, na chuma hakikui nalo. Meno ya jirani yanasogea, chuma kinabaki chini kama mtu aliyeachwa na basi. Amengoja, sasa ni mtu mzima, tumeanza kumjengea mfupa.

Kujenga mfupa. Hajati ameshanyoosha mkono, na najua anachotaka kuuliza, acha nimjibu kabla. Ndiyo, Hajati. Mfupa tunaouongeza unaweza kutoka kwako mwenyewe, kidevuni au nyuma ya taya. Unaweza kuwa wa kutengenezwa. Lakini ule unaotumika sana ni wa ng'ombe, umesafishwa mpaka yakabaki madini matupu, na utando unaofunikia mara nyingi umetokana na nguruwe. Upo pia wa asili nyingine. Kwa hiyo Mwislamu aulize kabla hajapigwa ganzi, na Mhindu aulize, na daktari akikasirika kwa kuulizwa ni juu yake. Mimi siyo shehe, siwezi kukuambia kipi kinafaa. Naweza kukuonyesha boksi na maandishi yake ili umpelekee shehe wako.

Ufizi nao una aina. Vuta mdomo wako wa chini hivi, utazame. Kuna sehemu inayocheza, laini, na kuna sehemu karibu na meno isiyocheza, ngumu, imeshikamana na mfupa. Kipandikizi kinapenda kuzungukwa na hiyo ngumu, walau milimita 2. Kikitokea katikati ya ile inayocheza, kila ukizungumza ufizi unavutika, kupiga mswaki kunauma, na mtu mwenye kuumia akipiga mswaki anaacha kupiga mswaki. Wataalamu bado wanabishana juu ya hiyo milimita 2. Mimi nimechagua upande: nikiona haipo, nachukua kipande cha ufizi kutoka kwenye kaakaa nakishona pale. Kaakaa linauma wiki moja, sitakudanganya.

Basi, kamati. Mkopo wa jino utoeni vipi?

Msimpe mtu fedha ya skrubu na kofia peke yake. Jino moja ni mamilioni ya shilingi, na nimeona watu wakikusanya mpaka senti ya mwisho kwa ajili ya siku ya kufunga kofia, halafu hawana nauli ya kurudi kusafishwa. Wekeni ndani ya mkopo huo huo ziara mbili kwa mwaka, na kwa yule aliyewahi kuugua fizi mpaka meno yake yenyewe yakalegea, kila miezi 3 au 4, kwa sababu vijidudu vilivyokula mfupa wa meno vinamngoja. Mwenye kisukari alete kwanza kipimo chake. Sukari ikitulia, tunaendelea, isipotulia, tunangoja. Anayemeza au kuchomwa dawa za kuimarisha mifupa, au aliyepigwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni, aseme mapema, asione haya. Na kama kazi inafanyika Kampala, kilomita kama 200 kutoka hapa, mkopaji aulizwe wazi: utarudi? Kama jibu ni "tutaona", mpeni mkopo wa meno ya bandia ya kuvaa, au daraja, yaani jino la bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani. Ni kazi za heshima. Sitaki kumwekea chuma mtu ambaye sitamwona tena. Wenzangu wengine wataniona mkali kwa hilo, na waniite mkali.

Nyumbani vifaa ni rahisi. Mswaki laini. Vile vibrashi vidogo vya kupitisha kati ya meno, waya wake uwe umefunikwa plastiki usikwaruze chuma. Uzi wa meno unaozungushwa shingoni kama unavyong'arisha kiatu. Mswaki wa mti ni mzuri, Shirika la Afya Duniani liliusifu tangu mwaka 1986, na babu zetu kabla ya hapo, lakini nyuzi zake hazifiki chini ya kofia, kwa hiyo usiwe peke yake. Majivu na mkaa, hapana.

Halafu kadi. Tafadhali sana, kadi. Vipandikizi vya dunia hii vina aina nyingi mno, na kila aina ina bisibisi yake. Mmoja amewekewa Nairobi, mwingine India alipokwenda kumpeleka mama hospitali, anarudi skrubu imelegea, ananiuliza, "Huna bisibisi?" Ninazo 7. Yake siyo hata moja. Siku unapowekewa, omba karatasi yenye jina la aina, unene, urefu na namba iliyobandikwa kwenye boksi, pamoja na eksirei ya siku ya kofia. Piga picha kwa simu, tuma kwa mkeo, tuma kwa Mama Mweka Hazina aiweke kwenye faili la mkopo. Hiyo ndiyo hati yenu ya dhamana, Mwenyekiti, na ndiyo pekee mtakayoweza kuishika.

Nimeambiwa saa imekwenda na kuna pilau. Maswali nitayajibu tukiwa tunakula, ila kuna kazi moja kwanza, maana sikubeba kijiti hiki na kioo hiki kutoka mjini kwa ajili ya kuwaonyesha tu. Vimechemshwa, viko safi, glavu ninazo.

Mzee wangu wa karibu na mlango, njoo ukae hapa dirishani penye mwanga. Vijana, mpisheni. Miaka 6, halijawahi kukuuma, nimesikia. Fungua mdomo.